Tusiwarushe heroe kwa ajili ya picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie tabia ninayoishuhudia mara kwa mara katika maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, nayo ni ya kuwashtua ndege wa maji kwa makofi, honi au mawe ili waruke na mwenye kamera apate picha ya mabawa yaliyotanda angani. Nakiri tangu mwanzo kwamba siandiki kama mtu asiye na hatia, na sababu nitaieleza hapo mbele.

Kazi yangu ni kupiga picha za paspoti na za harusi hapa Tengeru, na ndege ni mapenzi yangu ya siku za mapumziko. Watu hushangaa wakisikia kwamba siku ninazozichagua kwenda hifadhini ni zile za mvua, lakini yeyote aliyewahi kumpiga picha bibi harusi saa 7 mchana kwenye jua kali atanielewa. Jua huiunguza nguo nyeupe mpaka lesi na shela vinakuwa bapa moja lisilo na mshono, kisha humtia maarusi wa watu vivuli vyeusi chini ya macho, ilhali wingu hutandaza mwanga sawasawa na kila uzi ukaonekana. Heroe, ambaye wengi wetu tumezoea kumwita flamingo, ana manyoya yenye tabia ileile ya shela. Mchana wa jua ni kitu cheupe chenye miguu mirefu. Chini ya wingu zito unaiona rangi ya waridi ilivyokolea begani na kufifia shingoni, na kwa heroe mdogo, yaani ile aina ndogo kati ya mbili tulizonazo, unauona mdomo wake ulivyo, si mweusi kama unavyodhaniwa kwa mbali bali wa rangi ya damu ya mzee.

Jumamosi ya mwisho ya Machi ilikuwa siku ya namna hiyo. Masika yalikuwa yameanza, na mvua iliyoanza kunyesha usiku haikuwa imekatika tulipoondoka Tengeru, mimi na mpwa wangu ambaye ndiye dereva. Tulikata kushoto baada ya Usa River, tukafika lango la Ngongongare mapema, tukaingia. Mlima Meru, wenye kimo kinachozidi mita 4,500, haukuonekana hata kivuli chake, na kwenye uwanda wa Serengeti Ndogo nyati walikuwa wamesimama kimya wakiipa mvua migongo. Momella iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoshuka mlimani siku ya mvua hauna huruma kwa mtu wa kushinda studio. Vidole vilikufa ganzi kabla sijapiga picha hata moja, na kila nilipopumua karibu na kamera kioo cha nyuma kilifunikwa na ukungu.

Tuliegesha gari kando ya Momella Kubwa, tukazima injini, nikashusha kioo cha dirisha nusu na kuweka juu ya mlango kifuko cha maharage ili lenzi ilale juu yake bila kutikisika. Kamera nilikuwa nimeivika koti nililolishona mwenyewe kutokana na koti la mvua lililochakaa, kwa kuwa ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiifungia vifaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na sijaijutia. Maharage yalilowa yakavimba, na jioni mke wangu aliyapika kwa sababu yalikuwa yamekwisha kurowekwa.

Msomaji ambaye hajafika Momella aelewe kwanza maziwa hayo yalivyo. Pembeni hayana kina kirefu, maji yake mengi yanatoka chini ya ardhi na yana magadi, na rangi hutofautiana ziwa hadi ziwa kwa sababu ya chumvi na miani iliyomo. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba mabonde yake yalitokana na poromoko kubwa la tope na mawe lililotokea ubavu wa mashariki wa Meru ulipobomoka maelfu ya miaka iliyopita. Kwa sababu maji ya pembeni ni mafupi, ndege hula karibu sana na ukingo, na kwa sababu barabara nayo inapita karibu na ukingo, mtu aliye ndani ya gari anaweza kuwaona bila hata darubini. Ukaribu huo ndio uzuri wa Momella, na ndio unaowaponza ndege.

Asubuhi ile nilihesabu heroe kama 300, wengi wao wakiwa heroe wadogo na wachache heroe wakubwa, ambao ni warefu zaidi na weupe zaidi, mdomo wao wa waridi ukiwa na ncha nyeusi. Heroe mdogo hula kichwa kikiwa juu chini, akiyavuta maji kwa ulimi na kuyasukuma nje kupitia vichujio vilivyomo mdomoni ili abakize miani midogo isiyoonekana kwa macho, na ni rangi iliyomo katika chakula hicho inayompa uwaridi wake. Kifaranga huzaliwa wa kijivu. Kwa mlo wa namna hiyo, ambao kila funda lake ni maji matupu na chembe chache, ndege hana budi kula kwa saa nyingi ili ashibe.

Katikati ya ziwa walikuwapo vibisi, wale ndege wadogo wa mviringo wanaozama ghafla na kuibuka mahali usipopatazamia, wengi kiasi kwamba maji yalionekana kama yanachemka. Kulikuwa na bata wa Misri wawili wawili kwenye majani ya ukingoni, kukuziwa weusi wenye paji jeupe, na kundi la bata wageni wenye mdomo mpana kama koleo. Bata hao huzaliana kaskazini mwa Ulaya na Asia, huanza kutufikia karibu Oktoba, na kufikia Machi na Aprili huwa wanarudi kwao. Waliokuwapo siku ile walikuwa ndio wa mwisho, nao walikuwa wanakula kwa haraka bila kuinua vichwa, kama abiria anayemalizia chai stendi huku konda anagonga bodi.

Karibu na matete nilimwona bata niliyekuwa nimemfuata hasa, anayeitwa makoa, dume, mwili wa hudhurungi iliyoiva, kichwa cheusi tii, mdomo wa buluu na mkia mgumu anaoweza kuusimamisha kama fimbo. Bata huyu hapatikani popote duniani ila Afrika, amo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na maziwa ya Momella ni mojawapo ya mahali pa kutegemewa kumwona katika Tanzania. Alikuwa amelala juu ya maji, mdomo ameuficha mgongoni, matone ya mvua yakimdunda na kuteleza. Nilipiga picha mbili, ya tatu ikatoka imetikisika kwa baridi yangu mwenyewe.

Hapo ndipo lilipofika gari la kwanza la watalii, kama saa 3 asubuhi. Lilisimama mita chache mbele yetu, paa likainuliwa, wageni wanne wakachomoza na makoti yao ya mvua. Walitazama kwa dakika moja, pengine mbili. Kisha dereva, kijana mtanashati, akafungua mlango, akasimama juu ya kizingiti cha gari na kupiga makofi. Heroe wa karibu waliinua shingo na kusogea hatua chache, hakuna aliyeruka. Akarudi ndani akapiga honi mara mbili. Kundi zima likaanza kukimbia juu ya maji, kwa maana heroe hawezi kunyanyuka papo hapo bali hukimbia kwanza hatua kadhaa, shingo mbele, akipiga mabawa kwa nguvu, na mara wote 300 walikuwa hewani, wekundu na weusi wa mabawa ukimeta chini ya wingu. Sitaki kudanganya: lilikuwa jambo la kupendeza machoni. Wageni walishangilia. Bata wa mdomo-koleo waliondoka pamoja nao wakavuka ukingo wa pili tusiwaone tena. Vibisi walizama. Makoa, ambaye si mpenzi wa kuruka, aliogelea haraka akajichimbia katika matete, na sikumwona tena mpaka tunaondoka.

Gari lile halikukaa dakika 5 baada ya hapo. Heroe walitua upande wa mbali, wamesongamana, vichwa juu, na kwa saa yangu zilipita dakika 20 na zaidi kabla ya wengi wao kurudisha midomo majini. Wakati huo mvua ilikuwa imeongezeka. Kabla ya saa 6 mchana walikuwa wamerushwa mara tatu na magari matatu tofauti, mara ya mwisho kwa jiwe.

Yule dereva wa kwanza nilikutana naye baadaye mahali panaporuhusiwa watu kushuka na kula. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," nikamwitikia, nikampa chai ya tangawizi, kisha nikamuuliza kuhusu ile honi. Hakukasirika. Alisema, "Mzee wangu, wageni wameshaiona picha ya heroe wanaruka kabla hawajapanda ndege kuja huku. Wakiondoka bila kuiona, wanasema Momella hakuna kitu. Na mimi naishi kwa tipu." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu kijana alikuwa amesema kweli, na kwa sababu picha mojawapo ya zile walizoziona wageni ingeweza kuwa yangu. Miaka kadhaa iliyopita mteja wa kalenda aliniagiza heroe wanaoruka, nami nilimwomba kijana niliyekuwa naye apige makofi. Picha ilitoka vizuri, ikalipwa vizuri, ikatundikwa ukutani katika ofisi nyingi za mji huu, na hakuna aliyeitazama akauliza wale ndege waliruka kwa nini.

Kuna hoja mbili ambazo nimezisikia zikitolewa kuitetea tabia hii, nami naona zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba heroe ni msafiri, anahama ziwa hadi ziwa usiku kucha, kwa hiyo mruko wa dakika moja si kitu kwake. Ni kweli kwamba anahama usiku, lakini msafiri huyo huondoka ameshiba, kwa saa aliyoichagua mwenyewe. Kinachomgharimu zaidi ndege mwenye mwili mkubwa ni kule kunyanyuka, kuliko kule kuruka akishafika juu, na anayerushwa mara tatu asubuhi moja amelipa nauli tatu bila kwenda popote.

Siku ya baridi na mvua gharama hiyo huwa kubwa zaidi. Manyoya ya ndege wa maji hayapenyezi maji kwa jinsi vinyuzi vyake vilivyoshikamana, na ndege huyatunza kwa kuyachana kwa mdomo na kuyapaka mafuta anayoyachota kwenye tezi iliyo juu ya mkia wake. Chini ya manyoya hayo kuna tabaka la hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Akisimama kwa mguu mmoja na kuuficha mwingine tumboni, anapunguza sehemu ya mwili inayopoteza joto. Na hata mguu ulio majini umeumbwa kwa hesabu, mishipa inayoshusha damu ya moto ikiwa imelala kando ya ile inayopandisha damu iliyopoa, ili joto lihamie huko na kurudi mwilini badala ya kumwagika ziwani. Ndege aliyetulia namna hiyo katikati ya mvua, ambaye mgeni anamwona kama kitu kisicho na maisha, yumo kazini: anabana matumizi. Ukimrusha unamfanya afungue manyoya upeponi, anyooshe miguu nje, ateketeze nguvu alizokuwa akizibana, na apoteze muda wa kula ambao kwake, kwa ule mlo wa kuchuja, haufidiki kirahisi.

Hoja ya pili ni kwamba heroe hawatagi Momella, kwa hiyo hakuna kiota kinachoharibika. Ni kweli vilevile. Katika Afrika Mashariki heroe wadogo huzaliana kwa wingi Ziwa Natron tu, hapo kaskazini kwetu, ziwa ambalo tangu 2001 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Huko kila jozi hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope. Lakini yai hilo halitokani na chakula cha Natron peke yake. Ndege anayekwenda kutaga anakwenda na akiba aliyoikusanya Momella, Manyara, Magadi ya Ngorongoro na maziwa ya jirani zetu wa Kenya, na anayevurugiwa mlo wake hapa anapunguziwa akiba ya kule. Kwa wale bata wa mdomo-koleo jambo liko wazi zaidi, kwa kuwa mwisho wa Machi wanakusanya mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, nao walirushwa wakaondoka na njaa yao.

Kanuni za hifadhi zetu zinakataza kuwasumbua wanyama kwa kelele, na sidhani kama kuna dereva anayeweza kupiga honi ili tembo atimke halafu akajisifu. Ndege ndio waliosahaulika. Hata hivyo siandiki kuomba adhabu, maana askari wa hifadhi hawezi kukaa kila ukingo wa kila ziwa akisubiri honi.

Ninachotaka kuwaambia madereva, waongoza watalii na wapiga picha wenzangu ni kile kilichotokea baada ya saa 7 mchana, magari yote yalipokuwa yamekwenda kutafuta chakula. Mvua ilikatika. Kwa dakika chache hakuna kilichobadilika, kisha heroe mmoja akajikung'uta kuanzia kichwani hadi mkiani, matone yakaruka pande zote, akafuatiwa na wa pili, na muda si mrefu kundi zima lilikuwa likioga, likichana manyoya, likinyoosha bawa moja moja na mguu wa upande uleule, na wengine wakisimama wima na kupiga mabawa yote mawili palepale walipo ili yakauke. Nilipata wekundu na weusi wote niliokuwa nikiutaka, kwa ukaribu ambao ndege anayekimbia hawezi kuutoa. Kisha kikundi cha kama 40 kilijipanga, shingo juu, kikaanza kutembea kwa pamoja kama gwaride la Uwanja wa Uhuru, wakigeuza vichwa kushoto na kulia kwa mpigo mmoja, na kila baada ya muda mmoja wao akifungua mabawa ghafla kama mpiga saluti. Ndivyo heroe wanavyotafuta wenzi, na huweza kuianza ngoma hiyo wakiwa mbali kabisa na mahali pa kutagia. Mpwa wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba miguu yake imekuwa barafu, ndiye aliyenizuia tulipofika wakati wa kuondoka.

Mgeni akielezwa jambo hilo mapema, njiani kabla ya kufika ziwani, kwamba baada ya mvua ndege hujikung'uta na kwamba gwaride la heroe ni la kungojewa, atangoja. Nimewaona wageni wakingoja saa 2 chini ya mti kwa ajili ya mkia wa chui. Vyuo vyetu vinavyofundisha kazi ya uongozaji watalii, hapa Arusha na kule Mweka, vina walimu wanaoyajua haya kuliko mimi, na ningefurahi kuona tabia za ndege wa maji zikipewa muda unaolingana na ule wanaopewa simba.

Kwako wewe Mhariri nina ombi moja. Magazeti yetu, na lako likiwamo, yanapoandika habari za Momella, Manyara au Natron huchagua karibu kila mara picha ya heroe wanaoruka, na mara nyingi imepigwa kwa karibu, ndege wakiwa wametawanyika ovyo na kuelekea upande mmoja, mbali na ukingo. Mpiga picha yeyote mzoefu ataitambua kuwa ni ya kundi lililoshtuliwa. Naomba mnaponunua picha ya namna hiyo mumuulize aliyeileta ndege walikuwa wanaruka kwa nini. Swali hilo moja likiulizwa na mnunuzi, sisi wauzaji tutabadilika kabla ya mvua za vuli.

Nimeambatanisha picha moja ya bata makoa niliyoipiga siku ile kabla ya honi ya kwanza. Ina giza kidogo, ina chengachenga kwa sababu mwanga ulikuwa mdogo, na ndege mwenyewe amelala. Ukiona inafaa unaweza kuichapisha bila malipo.

Mpiga picha,
Tengeru, Arusha.